Historia: Wallace Carothers, mvumbuzi wa nailoni aliyefariki kabla uvumbuzi wake haujapewa jina

Nyavu za wavuvi wa sambaza kwenye ziwa Kivu, kamba zinazofunga mizigo juu ya malori ya Butembo, uzi mgumu wa fundi viatu, mabegi ya wanafunzi: vingi kati ya vitu hivi ni vya nailoni, ao vya nyuzi nyingine zilizozaliwa nyuma yake. Neno nailoni limeingia katika Kiswahili mpaka mtu anaweza kufikiri ni la kwetu. Lakini mtu aliyeifanya iwepo hakulisikia neno hilo hata siku moja. Wallace Hume Carothers, mwanakemia wa Marekani, alifariki munamo mwezi wa nne mwaka wa 1937, akiamini kwamba kazi yake yote haikuleta kitu. Mwaka mmoja na nusu baadaye, kompani iliyomwajiri ilitangaza uzi mpya. Miaka mitatu baadaye, wanawake wa Marekani walikuwa wanapanga foleni kuununua.

Alizaliwa tarehe 27 mwezi wa nne 1896 huko Burlington, jimbo la Iowa, akiwa wa kwanza kati ya watoto wanne. Baba yake alikuwa mwalimu katika shule ya biashara mjini Des Moines, na kijana akaanza hapo hapo kwa baba, akasoma uhasibu na kazi za ofisi. Kisha akaenda Tarkio, chuo kidogo cha Missouri, na huko kemia ikamteka. Profesa wa kemia alipohama, chuo kilikosa mtu wa kumpokea juu ya vita vya kwanza vya dunia, na Carothers, ambaye bado alikuwa mwanafunzi, ndiye aliyepewa kazi ya kufundisha wenzake.

Munamo mwaka wa 1924 alipata udaktari katika chuo kikuu cha Illinois, chini ya profesa Roger Adams. Miaka miwili baadaye Harvard ilimwita. Kusimama mbele ya darasa hakukumfurahisha. Alikuwa mtu wa sauti ya chini, mwenye haya, mpenzi wa vitabu na muziki. Na tangu ujana alikuwa na vipindi vya huzuni nzito ambavyo vilikuja na kuondoka bila kupiga hodi.

Kompani ya baruti yatafuta wanasayansi

DuPont, ya Wilmington katika jimbo la Delaware, ilianza munamo 1802 kwa kutengeneza baruti. Mwaka wa 1927, mkuu wake wa kemia, Charles Stine, aliwaomba wakubwa wake feza kwa jambo lisilo la kawaida: kuwalipa wanasayansi watafute ujuzi tu, bila kuulizwa kila asubuhi ni bidhaa gani itatoka.

Stine alimtaka Carothers. Carothers alikataa. Hakuficha sababu: aliwaandikia wazi kwamba anapatwa na vipindi vya ugonjwa wa mawazo, na kwamba jambo hilo lingekuwa kizuizi kikubwa katika kompani kuliko katika chuo. Barua kama hiyo mtu haiandiki kirahisi anapotafutwa na tajiri. DuPont ilituma mtu kumbembeleza na kuongeza mshahara mpaka dola 500 kwa mwezi, wakati Harvard ilimlipa dola 3,200 kwa mwaka. Akakubali, na tarehe 6 mwezi wa pili 1928 akaanza kazi.

Swali alilolibeba lilikuwa la ugomvi mkubwa wakati ule. Hariri, pamba, mpira wa miti: vitu hivi vimejengwa namna gani? Wanakemia wengi walisema ni molekuli ndogo zilizoshikamana kwa nguvu fulani isiyojulikana vizuri. Mjerumani Hermann Staudinger alisema hapana, ni molekuli moja moja ndefu ajabu, kama mnyororo wenye pete maelfu. Carothers aliona kwamba kubishana hakutamaliza neno. Badala ya kuvunja vitu vya asili ili kuangalia ndani, yeye angejenga mnyororo wake mwenyewe, pete kwa pete, kwa njia za kemia zinazojulikana na kila mtu. Kama mnyororo ungekuwa na tabia za hariri ao za mpira, ubishi ungekwisha.

Mwezi mmoja, mavumbuzi mawili

Munamo mwezi wa nne 1930, labo ile ndogo ilipata vitu viwili ambavyo kompani nyingine hazivipati kwa miaka mia. Cha kwanza kilitoka kwa Arnold Collins. Alikuwa akichunguza maji-maji yaliyotokana na gesi ya asetilini, kazi iliyofunguliwa na padri Julius Nieuwland wa chuo kikuu cha Notre Dame. Maji-maji yale yakaganda yenyewe, na kipande kikaruka kilipodundishwa juu ya meza. Ulikuwa mpira usiotoka kwenye mti wowote, na haukuharibiwa na mafuta kama mpira wa kawaida. Leo unaitwa neoprini.

Cha pili kilitoka kwa Julian Hill. Hapa sherti tusimame kidogo, maana ndipo uzi ulipozaliwa. Kila pete mbili zinapoungana katika mnyororo wa namna hii, tone dogo la maji hutoka. Maji yakibaki, yanaanza kuukata mnyororo tena, na kazi inasimama nusu ya njia. Carothers aliagiza chombo maalum cha kufyonza hewa na kuyatoa maji yale hata yakiwa kidogo sana. Minyororo ikaendelea kurefuka. Kabla ya hapo uzito wa molekuli zilizojengwa na watu ulifika karibu 4,200. Hill alipita 12,000.

Alipochovya kijiti katika uji ule wa moto na kukivuta, ulitoka uzi. Uzi ulipopoa, akauvuta tena. Badala ya kukatika, ukarefuka mara nyingi, kisha ukagoma kurefuka na ukawa mgumu, wenye kung'aa, na wenye kurudi ukinyooshwa. Sababu yake mtu aliyesuka nywele ataielewa upesi: kabla ya kuvutwa, molekuli zimevurugika kama nywele zisizochanwa, zikivutwa, zinalala upande mmoja na kushikana. Husimuliwa kwamba Hill na wenzake walikimbia koridoni wakivuta nyuzi hizo kuona zinafika wapi, bosi akiwa hayupo.

Lakini uzi ule wa kwanza, wa aina ya poliesta, haukufaa kitu sokoni. Uliyeyuka kabla maji hayajachemka. Nguo iliyotengenezwa nao ingekufa kwenye sufuria ya kufulia. Carothers akauacha kwa karibu miaka minne. Wakati huo Stine alikuwa amepandishwa cheo, na mkuu mpya wa kemia, Elmer Bolton, alikuwa mtu wa namna nyingine. Uchumi wa Marekani ulikuwa umeanguka, na Bolton alitaka kuona ujuzi unageuka bidhaa. Alimsukuma Carothers arudi kwenye uzi.

Akarudi, lakini kwa pete za aina nyingine, zenye naitrojeni ndani kama zile za hariri na sufu. Munamo mwezi wa tano 1934, Donald Coffman alivuta uzi wa kwanza wa aina hii uliostahimili moto. Tarehe 28 mwezi wa pili 1935, Gerard Berchet akatengeneza ile iliyoitwa 6-6, kwa sababu kila moja ya viungo vyake viwili ina kaboni sita. Carothers mwenyewe aliipendelea nyingine, 5-10, iliyoyeyuka kwa moto mdogo na kusokoteka kwa urahisi. Bolton akachagua 6-6. Kwa jicho la mtu wa kiwanda alikuwa na haki: kiungo kimoja cha 5-10 kilitegemea mafuta ya mbarika, na bei yake ilikuwa juu, lakini viungo vyote viwili vya 6-6 vingeweza kutoka kwenye benzini ya makaa ya mawe, na makaa Marekani inayo milima na milima.

Mtu na ugonjwa wake

Kazi ilipanda, mwenye kazi akateremka. Munamo 1934 alitoweka siku kadhaa na akapatikana akiwa anatibiwa huko Baltimore. Mwezi wa pili 1936 alimuoa Helen Sweetman, mwanakemia wa ofisi ya hati za uvumbuzi palepale DuPont. Mwezi wa nne mwaka huohuo akachaguliwa katika Akademia ya Taifa ya Sayansi, mwanakemia wa kwanza wa viwanda katika fani yake kupata heshima hiyo. Miezi miwili baadaye alilazwa katika hospitali ya magonjwa ya akili mjini Philadelphia.

Aliwaambia rafiki zake kwamba amekwisha, kwamba hana tena wazo jipya hata moja. Ni yeye aliyekuwa amewapa wanakemia wa dunia nzima njia ya kujenga polima. Kwetu, mtu akiwa katika hali hii, wengine watasema amerogwa na wengine watasema ni mvivu. Kule, wakati ule, madaktari walijua kwamba ni ugonjwa, lakini mikono yao ilikuwa karibu mitupu; dawa za kwanza za kweli za huzuni ya namna hii zilikuja miaka ya 1950.

Munamo mwezi wa kwanza 1937 dada yake Isobel, aliyejulikana sana kwa michezo ya redio, alifariki ghafula. Carothers hakusimama tena. Tarehe 29 mwezi wa nne, siku mbili baada ya kutimiza miaka 41, alijiua katika hoteli moja ya Philadelphia. Wiki tatu mbele ya hapo, DuPont ilikuwa imepeleka ombi la hati ya uvumbuzi wa nyuzi kwa jina lake. Bibi yake alikuwa na mimba. Binti yao alizaliwa mwezi wa kumi na moja, na hakumjua baba.

Kutoka chupa mpaka kiwanda

Hapa ndipo hadithi nyingi za Carothers husimama, na ni kosa. Kilichobaki labo kilikuwa gramu chache za kitu kigumu cheupe na nyuzi za kuonyesha wageni. Kati ya hapo na soksi milioni kulikuwa na kazi ya mamia ya wahandisi, mafundi na wafanyakazi ambao majina yao hayakuandikwa popote.

Kwanza viungo. Kimoja kati ya vile viwili, ile diamini, hakikuwa kikitengenezwa kwa wingi na mtu yeyote duniani; kilikuwa kitu cha kuwekwa katika chupa ndogo juu ya kabati. DuPont ilikitafutia njia katika kiwanda chake cha Belle, West Virginia, ambako wafanyakazi walikuwa wamezoea kuongoza gesi kwa mgandamizo mkubwa ili kutengeneza amonia.

Kisha kipimo. Viungo viwili sherti viwe sawasawa kabisa, pete kwa pete. Kimoja kikizidi kidogo, mnyororo unakoma mapema na uzi unakatika. Walipata njia safi: viungo vikikutana ndani ya maji vinafanya chumvi, na chumvi hiyo inajipima yenyewe, moja kwa moja. Lakini mnyororo ukiachwa urefuke bila mwisho, uji unakuwa mzito na hausokoteki. Basi wakatia kiasi kidogo cha asidi ileile inayopatikana katika siki, ili ifunge ncha za mnyororo na kuusimamisha kwenye urefu unaotakiwa. Kitu cha jikoni kikawa breki ya kiwanda.

Kazi kubwa ilikuwa kusokota. Nyuzi za rayoni, zilizokuwepo mbele, zilitengenezwa kwa kuyeyusha massa ya miti katika dawa. Nailoni walitaka kuiyeyusha kwa moto tu, juu ya nyuzijoto 260, kisha kuisukuma ipite katika sahani ya chuma yenye matundu membamba. Hakuna aliyewahi kutengeneza nguo hivyo. Pampu ilibidi izunguke ndani ya moto huo bila mafuta ya kulainisha, maana mafuta yangechafua uzi. Uji wenyewe ndio uliilainisha pampu, na vyuma vya kawaida vililika upesi. Hewa ikiingia, nailoni inageuka rangi, kwa hiyo waliizungushia gesi isiyo na oksijeni. Povu dogo likiingia katika tundu, uzi unakatika. Walilishinda kwa kuuweka uji chini ya mgandamizo. Baada ya hapo, mashini zinauvuta uzi baridi karibu mara nne ya urefu wake, ileile kazi ya Hill ya koridoni, sasa ikifanywa na magurudumu mawili, la pili likikimbia kuliko la kwanza.

Na kazi hii haina kulala. Uji ukipoa ndani ya mabomba, unaganda kama jiwe. Anayeishi kwetu, ambako taa huzimika wakati wowote, anaweza kufikiri mwenyewe kiwanda cha namna hiyo kinahitaji nini kabla hata ya mashini ya kwanza kufungwa.

DuPont ilijenga kwanza kiwanda kidogo cha majaribio mjini Wilmington, kilichoanza munamo 1938. Mwaka huohuo nailoni ya kwanza ikauzwa, si kama nguo bali kama manyoya ya brosi za meno, yaliyochukua nafasi ya nywele za nguruwe. Tarehe 27 mwezi wa kumi, Stine akaitangaza mbele ya karibu wanawake 3,000 mjini New York. Kuhusu jina, wengi husema ni New York na London zilizounganishwa. Si kweli. Wakubwa wa DuPont walipitia majina mamia, wakaanzia kwenye maneno ya Kiingereza yenye maana ya soksi isiyofumuka, wakabadili herufi moja moja mpaka wakafika hapo.

Kiwanda kikubwa kilijengwa Seaford, mji mdogo wa wakulima kando ya mto Nanticoke, na kikaanza kutoa uzi mwezi wa kumi na mbili 1939. Watu waliokuwa wakilima na kufuga kuku walijifunza kuangalia saa za joto na mgandamizo kwa zamu, usiku na mchana. Tarehe 15 mwezi wa tano 1940, soksi ndefu za nailoni ziliingia katika maduka ya Marekani yote na kwisha kwa siku chache. Mwaka wa kwanza ziliuzwa jozi karibu milioni 64. Vita vilipoifikia Marekani na hariri ya Japani ikakatika, jeshi likachukua nailoni yote kwa parashuti, kamba na matairi ya ndege. Vita vilipokwisha, mjini Pittsburgh watu karibu 40,000 walisimama foleni kutafuta jozi 13,000.

Njia inayofika Katanga

Kuna jambo moja ambalo msomaji wa Kongo hawezi kulipita. Kati ya wahandisi walioongoza nailoni kutoka labo hadi kiwanda alikuwepo Crawford Greenewalt. Munamo mwisho wa 1942, serikali ya Marekani ilipoiomba DuPont ijenge kiwanda cha plutoni huko Hanford, jimbo la Washington, kompani ilimtuma Greenewalt Chicago akae kati ya wanafizikia na wahandisi. Alifanya kama walivyofanya kwa nailoni: kuanza kujenga wakati utafiti bado unaendelea, na kuamua mapema kitu gani hakitabadilishwa tena. Mitambo ya Hanford ililishwa na urani, na sehemu kubwa ya urani ya mradi ule wote ilitoka Shinkolobwe, kwetu Katanga, ikachimbwa na watu ambao hawakuambiwa inakwenda wapi. Plutoni ya Hanford ndiyo iliyokuwa ndani ya bomu la Nagasaki. Greenewalt akawa rais wa DuPont kuanzia 1948 hadi 1962.

Chini ya uongozi wake, mwanakemia Joseph Shivers alipata, munamo 1958 katika labo ya DuPont huko Waynesboro, Virginia, uzi unaonyooka mara kadhaa ya urefu wake na kurudi kama mpira. Aliujenga kwa wazo lilelile la Carothers, ila mnyororo wake una vipande laini vinavyojikunja na vipande vigumu vinavyoshika. Ukauzwa kwa jina la Lycra, na leo umo katika suruali za kubana na nguo za wachezaji mpira kila mahali.

Staudinger alipata tuzo ya Nobel 1953. Paul Flory, kijana aliyeingia katika kundi la Carothers 1934 na kufundishwa naye kuhesabu urefu wa minyororo, aliipata 1974. Tuzo hiyo hapewi marehemu. Julian Hill aliishi mpaka 1996 na aliendelea kuwaonyesha wageni jinsi ya kuvuta uzi kutoka katika chupa. Munamo 2004 DuPont iliuza kazi zake za nailoni na Lycra, pamoja na kiwanda cha Seaford, kwa wenyewe wengine.